Msaada wadau: lenzi gani nifunge kwenye adapta ya 35mm? Kamera Canon XH A1, nipo Mwanza

Mwanakwaya_Igoma

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa wote humu ndani. Mi nashuti kwaya na harusi hapa Mwanza, naishi Igoma, kamera yangu ni Canon XH A1 ile ya kanda za miniDV, bado nzima na rangi zake nazipenda sana. Sasa kuna studio moja ilikuwa inafunga nikanunua kwao adapta ya Letus Extreme, kile kifaa cha kufunga lenzi za kamera ya picha mbele ya kamera ya video, ina mdomo wa Nikon yaani inashika lenzi za Nikon, mota yake inatetemesha kioo vizuri tu ila haikuja na lenzi hata moja. Ninachotaka ni ule muonekano wa sinema, mtu anatoka mkali alafu nyuma yake kunalainika, manake nina kazi yangu mwenyewe nataka kuitengeneza, filamu fupi ya kina mama wanaoanika dagaa pale Mwaloni Kirumba.

Binamu yangu ana lenzi mbili za Canon za kamera ya picha, 18-55 na 75-300, anasema nichukue bure. Je zitafaa? Na kama hazifai ninunue zipi, hela yangu ni ya lenzi moja nzuri au mbili za kawaida, zaidi ya hapo siwezi. Naombeni mwongozo.

Jiwe_la_Bismarck

Mkuu karibu. Nianze na hizo za binamu, mrudishie na umshukuru sana. Kwanza hazitakaa. Canon EF, ndio aina ya hizo za binamu, imetengenezwa ikae milimita 44 kutoka kwenye sensa, na mdomo wa Nikon uko milimita 46.5, kwa hiyo hata ukipata pete ya kuunganisha utakuwa umeisogeza mbali na vitu vya mbali havitafokasi kabisa. Pili na hili ndio kubwa, EF haina pete ya apacha, yaani ya kufungua na kubana tundu la mwanga. Tundu lake linafunguliwa na kufungwa kwa umeme kutoka kwenye bodi ya kamera, adapta yako haina umeme huo. Tatu hata zingekaa, 18-55 na 75-300 ni lenzi za giza, f/4, f/5.6 huko (namba ya f ikiwa kubwa tundu ni dogo), na kwenye adapta giza ni balaa, nieleze kwa nini.

Adapta haipitishi picha moja kwa moja kwenda kwenye kamera. Lenzi ya mbele inarusha picha kwenye kioo chenye ukungu, kama kile cha dirisha la bafuni, alafu XH A1 yako inakishuti kile kioo kwa karibu kupitia lenzi ya kukuza iliyo nyuma ya adapta. Ndio maana unapata ukungu wa nyuma wa filamu ya 35mm wakati sensa zako ni za inchi theluthi moja tu. Bila adapta, f/2 kwenye sensa ndogo namna ile inatoa kina cha fokasi, yaani eneo linalotoka kali, cha kama f/14 kwenye sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, yaani karibu kila kitu kikali kuanzia mtu mpaka mlima.

Sasa kile kioo kina chembe zake. Mota inakitetemesha ili chembe zisionekane, lakini ukibana tundu la lenzi ya mbele mpaka f/5.6 au f/8 mwanga unakuja mwembamba na chembe zinaanza kutokeza, anga inakuwa na vumbi linalocheza, na katikati ya fremu panang'aa kuliko pembeni. Kwa hiyo lenzi ya adapta unaitumia kati ya f/1.4 na f/2.8, basi. Ukishaelewa hilo uchaguzi unakuwa mwepesi: tafuta lenzi yenye mwanga, yenye pete ya apacha ya mkono, ya urefu mmoja bila zumu. Hayo mengine ni mapambo.

Kwa mdomo wako: Nikon 50mm f/1.8 au f/1.4, zile za chuma za AI au AI-S, matoleo ya zamani ya kufokasi kwa mkono. Ukipata hela ya pili ongeza 28mm f/2.8 AI-S, hiyo inaona pana zaidi. Nimemaliza.

rubani_wa_Kamanga

Samahani wakuu ila mi naona mnampoteza kijana. Hizo adapta zilikuwa na zama zake, miaka ya mwanzoni ya 2000 P+S Technik walikuja na Mini35, baadae kina Letus na Redrock M2 wakashusha bei, kila mtu mwenye kamera ya video ya Panasonic DVX100 akawa anaitaka. Alafu 2008 ikatoka Nikon D90 ikifuatiwa na Canon 5D Mark II, kamera za picha zinazorekodi video kwenye sensa kubwa, adapta zikafa hapo hapo. Leo mtumba wa Sony au Canon isiyo na kioo cha ndani unapatikana, unaweka kadi unashuti, hakuna kanda, hakuna mota, hakuna betri mbili. Auze XH A1 na Letus anunue hiyo.

Jiwe_la_Bismarck

Rubani historia yako iko sawa kabisa na sibishani nayo. Lakini fikiria, akiuza XH A1 na Letus leo hapa Mwanza atapata nini? Hela ya betri na kadi. Wakati kazi anaweza kuanza wiki hii na alichonacho. Na angalia hiki: lenzi ya Nikon ya zamani atakayonunua leo itahamia kwenye hiyo Sony yako kesho bila kupoteza chochote. Nikon F, yaani mdomo huo wako, ina umbali mrefu kutoka lenzi mpaka sensa kuliko karibu zote, 46.5. Canon EF 44, Sony E 18, Micro Four Thirds kama 19 na kitu. Lenzi yenye umbali mrefu inaingia kwenye kamera yenye umbali mfupi kwa pete tupu isiyo na kioo, kinyume chake haiwezekani mpaka uongeze kioo cha kurekebisha ambacho kinaharibu picha. Ndio maana huwa nasema hela yote iende kwenye lenzi. Adapta itakufa, kamera itakufa, 50mm ya chuma ya mwaka 1980 itaendelea kufanya kazi.

Na ndio maana pia kijana usinunue Canon FD hata ukiziona bei ya chini na ni nzuri kweli. Umbali wake ni 42, haziingii kwenye Nikon, haziingii hata kwenye Canon EF yenyewe.

rubani_wa_Kamanga

Hapo kwenye lenzi kuhama nimekubali. Bado naona kanda itamsumbua ila sawa, aanze.

DadaFokasi_Nyegezi

Habari zenu. Mi nilitumia adapta kwa muda mrefu kabla sijahamia kamera nyingine, naomba niongeze vitu vya kazini ambavyo vitamsaidia mdogo wangu kuchagua.

Cha kwanza angalia herufi mwishoni mwa jina la Nikon. Zenye G hazina pete ya apacha, na zikiwa hazijafungwa kwenye bodi ya Nikon springi inabana tundu mpaka mwisho, f/16 au f/22, picha itakuwa giza tupu na chembe tele. Zenye D zina pete, zinafaa. AI na AI-S zina pete, ndio bora zaidi kwa sababu ya kitu cha pili.

Cha pili ni mzunguko wa pete ya fokasi. Lenzi za fokasi ya otomatiki zimetengenezwa zizunguke kidogo tu ili mota iwahi, pete inalegea mkononi, ukigusa kidogo mtu ameshatoka kwenye fokasi. Hizi za zamani pete ni nzito kidogo ina ulaini wa grisi na inazunguka mbali, unaweza kufuata mtu anayetembea kuja kwako. Na ujue unachocheza nacho: 50mm ikiwa f/2 na mama amekaa mita mbili kutoka kwako, eneo lililo kali ni kama sentimita 19 tu. Ukifungua f/1.4 inabaki 13. Pale Mwaloni mama anainama anageuza dagaa anainuka anacheka na mwenzake, kichwa kinasafiri zaidi ya hapo kila sekunde. Kwa hiyo f/1.4 ni ya kuokoa mwanga jioni, mchana f/2 mpaka f/2.8 inakutosha na ukungu wa nyuma bado upo mwingi tu.

Cha tatu, watu wengi wanazumu ile kamcorder, yaani kamera ya video yenyewe, ndani ya kioo mpaka kingo zenye giza zitoke nje ya fremu, unabaki unatumia katikati ya kioo, upana kama milimita 24 badala ya 36. Maana yake 50mm yako itaonekana kama 75 hivi. Nzuri kwa sura ya mtu ila ukiingia ndani ya kibanda huna pa kurudi nyuma. Ndio maana 28mm aliyotaja kaka Jiwe ni ya lazima ukiniuliza mimi, na ile 28 f/2.8 AI-S inafokasi mpaka sentimita 20, unaweza kushuti vidole na dagaa kwenye kichanja vikajaa fremu nzima alafu nyuma ziwa linabaki rangi tu.

Mwanakwaya_Igoma

Asanteni sana, wabeja sana. Dada nina swali, mchana pale Mwaloni jua ni kali mno na mchanga unarudisha mwanga, nikiweka f/2 si picha itaungua yote? Nilikuwa najua jua kali unabana tundu.

DadaFokasi_Nyegezi

Hapo ndipo watu wanapopotea mdogo wangu. Ukiwa na adapta una matundu mawili, la lenzi ya mbele na la XH A1. La mbele kazi yake ni ukungu wa nyuma, liache hapo f/2 au 2.8 usiliguse kwa ajili ya jua. Mwanga unaupunguza kwa filta ya ND, kioo cha kijivu cha kukata mwanga, iliyo ndani ya XH A1, ile swichi ya pembeni, ina ngazi mbili. Ikibaki kidogo ndio unabana tundu la kamcorder lakini usilibane sana maana ukilibana vumbi lililoko kwenye vioo vya katikati linaanza kuonekana, na vumbi la Mwaloni ni la magamba na chumvi, linang'ang'ania. Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, usiiguse, 1/50 ya sekunde. Ukipandisha shata kwenda 1/250 kusudi upunguze mwanga unazigandisha chembe za kioo, mtetemo wa mota hauna tena muda wa kuzifuta ndani ya fremu moja.

Na ukiwa ukumbini 1/50 hiyo hiyo, umeme wetu ni hezi 50, taa hazitachezacheza.

Jiwe_la_Bismarck

Dada umeongea. Niongezee kwenye ukumbi: adapta yenyewe inakula mwanga, kuanzia kama nusu stopu kwa kioo kizuri mpaka stopu mbili kwa kioo kibaya (kila stopu moja mwanga unabaki nusu). Kwa hiyo sendofu na harusi za usiku toa adapta kabisa shuti na XH A1 peke yake, wateja wanataka kuona keki na shangazi, hawatakuuliza ukungu wa nyuma. Adapta iwe ya kazi unayoipanga wewe, mahojiano, video ya kwaya mchana kwenye mawe, filamu yako.

mzee_wa_Nansio

Wanangu nimewasoma. Huku Ukerewe mi nina kamera za filamu tangu ujana wangu na lenzi zake, naomba nimweleze kijana juu ya lenzi za skrubu, M42, maana kuna nyingi na watu wanaziuza kama vyuma chakavu.

Helios 44-2 ya Urusi, 58mm f/2. Ina pete mbili za tundu, moja unaweka kikomo nyingine inateleza bila kukwama kwama, kwa video hiyo ni raha kwa sababu unafungua na kufunga polepole bila kusikika tik tik. Ukungu wake wa nyuma unazunguka, majani ya mti nyuma ya mtu yanakuwa kama yanamzingira. Wengine wanaipenda wengine hawaipendi, mimi kwa sura ya mtu mzima naipenda sana. Angalizo: chukua ile 44-2. Kuna 44M-4 na zinazofuata, hizo hazina swichi ya kubana kwa mkono, zinategemea kipini cha nyuma kisukumwe, na pete yako ya kuunganisha isiposukuma kipini lenzi itabaki wazi muda wote.

Kuna Takumar 50mm f/1.4 ya Pentax, lenzi nzuri mno, ila nyingi utakuta kioo kimekuwa cha njano. Usikimbie. Ndani kuna kioo kilichotiwa thoriamu, kikikaa gizani miaka mingi kinageuka rangi. Iweke dirishani juani, kifuniko umetoa, kwa muda wa wiki kadhaa njano inapungua sana. Jua la huku kwetu linaiweza kazi hiyo, tahadhari tu usiielekeze kwenye pazia au karatasi maana lenzi inakusanya jua, itachoma.

Jambo kubwa kwetu sisi watu wa ziwani ni kuvu. Unyevu huu wa ziwa ukiiweka lenzi kwenye mfuko wa ngozi kabatini, kuvu anaota ndani ya vioo kama nyuzi nyeupe, na akishakula ile rangi ya juu ya kioo harudishiki. Weka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, vikusanye tu kwa wauza viatu.

Mwanakwaya_Igoma

Shikamoo mzee wangu, asante sana kwa haya. Sasa nimepata kuna mtu Dar anayo Nikon 50mm f/1.8 AI-S na mwingine yuko hapa hapa Mwanza ana Helios 44-2. Hela inatosha zote mbili nikijibana. Pete ya M42 kwenda Nikon nayo ipo. Nichukue zote?

Jiwe_la_Bismarck

Nikon chukua bila kufikiri. Helios sikiliza kwanza hesabu yake. M42 umbali wake ni milimita 45.46, Nikon 46.5, imepungua kama milimita moja. Milimita moja inaonekana ndogo lakini kwa lenzi ya 58mm maana yake fokasi yako itaishia kama mita tatu kutoka hapo ulipo, zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Pete zenye kioo ndani zinarudisha fokasi ya mbali ila zinalainisha picha ukiwa f/2, na f/2 ndio unayoitaka. Kwa hiyo inunue ukijua ni lenzi ya sura na mikono tu. Kwa filamu yako mahojiano ya kina mama wote utakuwa ndani ya mita tatu, itakufaa. Mitumbwi inayorudi alfajiri na taa zake utaishuti na Nikon.

Siku ukihamia Sony, Helios itapata fokasi yote mpaka mwisho bila shida.

DadaFokasi_Nyegezi

Mi ningesema asubiri Helios anunue 28mm badala yake. Lenzi mbili zenye urefu unaokaribiana, 50 na 58, zinakupa picha moja mara mbili. Ukihariri utakosa pana na utajuta, maana bila pana mtazamaji hajui yuko wapi. Mwaloni ni mahali pakubwa, boti, vichanja, malori ya kupakia, mizani, hiyo yote unahitaji kuionyesha.

mzee_wa_Nansio

Binti yuko sahihi kuliko mimi kwenye hili. Helios ije baadae.

Jiwe_la_Bismarck

Nakubali pia. 50 na 28.

Mwanakwaya_Igoma

Basi 50 kwanza, 28 nikimaliza kwaya ya mwezi ujao. Ya Dar jamaa anaituma kwa basi, nitaipokea Nyegezi stendi. Niangalie nini kabla sijamlipa? Na nikiifunga nianzie wapi, isije picha ikawa laini nikadhani lenzi ni mbovu.

DadaFokasi_Nyegezi

Mwambie akubali ulipe ukishaiona. Stendi fanya hivi: toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, washa tochi ya simu uipitishe kutokea nyuma ya lenzi huku wewe unachungulia mbele kwa pembeni. Vumbi kidogo sio kitu. Nyuzi nyuzi ni kuvu, iache. Ukungu kama wa pumzi usiofutika, iache pia maana mwanga ukiingia kwa mbele picha yote itapauka. Alafu weka f/16, chezea kile kiwiko kidogo cha nyuma ukikiachia, vile vibati vya tundu vifunge kwa haraka na viwe vikavu, vikifunga taratibu au viking'aa vina mafuta. Zungusha fokasi mwanzo mpaka mwisho, isikwame na isicheze kushoto kulia.

Ukifika nyumbani usianze na lenzi, anza na kioo. Zima mota ya adapta, zima fokasi ya otomatiki na kile kizuia mtikisiko cha XH A1 maana kinachanganyikiwa, zumu mpaka kioo kijae fremu, alafu fokasi kamcorder mpaka uone chembe za kioo zenyewe zimekuwa kali. Funga fokasi hapo usiiguse tena siku nzima. Washa mota, chembe zipotee. Ndio sasa uweke lenzi kwenye alama ya mwisho kabisa ya fokasi, ile ya mbali, uelekeze ng'ambo, ukiwa Kirumba elekeza hata kisiwa chochote kilicho mbali. Kikiwa kikali, adapta yako iko sawa. Kikiwa laini na kinakuwa kikali ukirudisha pete nyuma kidogo, au hakiwi kikali kabisa, mdomo wa Nikon haujakaa kwenye 46.5, tafuta skrubu ndogo za kuzunguka ule mdomo, legeza, sogeza kidogo kidogo huku unaangalia kwenye monita kubwa, sio kile kioo kidogo cha kamera, kitakudanganya.

Jiwe_la_Bismarck

Na usiache uzito wote wa adapta na lenzi uning'inie kwenye nyuzi za mbele za XH A1, zile za 72mm. Fundi yeyote wa madirisha ya alumini atakukatia mabomba mawili ya milimita 15 na kibao cha chini, adapta ikae juu yake. Ikilegea hata kidogo kioo kinapinda, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na mwingine laini, utatafuta ubovu kwenye lenzi wakati lenzi haina kosa.

Mwanakwaya_Igoma

Nimeandika yote kwenye daftari. Fundi alumini yupo hapa Mabatini kesho naenda na adapta nimpimishe. Lenzi ikifika narudi na klipu ya kwanza humu humu.